Kompyuta ya Josho na Boma

Mniwie radhi kwa mwandiko huu. Kwa miaka kadhaa nilichapa maneno ya watu wengine, na ya kwangu sikuwahi kuyaandika, kwa hiyo kalamu inanitoka mkononi kama kitu cha kuazima. Masomo yangu yaliishia darasa la nane. Mkikuta neno limeandikwa vibaya, limeandikwa vibaya na mimi, si na mwingine.

Nilifanya kazi Kitengela, miaka ya elfu mbili, katika duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Lilikuwa chumba kimoja cha mawe ya kuchimbwa hapo hapo nje ya mji, bila rangi, na kompyuta moja. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa upande wa Kajiado, mjane. Nilimwita yeyo, kama tunavyomwita mama yeyote wa umri wake huko kwetu. Nilichapa polepole. Wateja wenye haraka walienda kwingine, na waliobaki walikuwa wale ambao hata wao walihitaji muda wa kufikiri.

Ile kompyuta ilikuwa na mifumo miwili ndani yake. Mpwa wa yeyo, aliyekuwa amesoma mambo hayo Nairobi, ndiye aliyeiweka hivyo kabla ya kupata kazi mbali. Upande mmoja ulikuwa ule ambao watu wote wanaujua, wenye programu ya kuchapa, na printa ilitii upande huo tu. Upande wa pili ulikuwa wa bure, na mpwa alituambia virusi vya flashi haviwezi kuishi huko. Kila mteja alipoleta flashi yake, tuliifungua kwanza upande wa pili, tukafuta takataka zote, ndipo tukairuhusu kuingia upande wa kwanza.

Yeyo alielewa mara moja. "Kumbe ni josho," alisema.

Tangu siku hiyo upande wa bure uliitwa josho na upande wa kuchapa uliitwa boma. Flashi ilitoka kwa mteja na kupe zake, ikaogeshwa joshoni, ikaingia bomani. Wateja wenyewe wakazoea. Mchuuzi wa ng'ombe angeweka flashi mezani na kusema, "Niogeshee hii," na hakuna aliyecheka.

Sasa niseme jinsi tulivyochagua upande, kwa sababu shida ilitoka hapo. Kompyuta ikiwashwa, kabla ya kufunguka, huleta orodha ya kuchagua, na ukikaa sekunde kumi bila kuchagua inaingia joshoni yenyewe. Lakini kioo chetu kilikuwa kile kikubwa cha zamani chenye mgongo, na kilichukua zaidi ya dakika kupata moto na kutoa mwanga. Mwanga ulipotokea, orodha ilikuwa imeshapita. Hatukuwahi kuiona. Mpwa alituandikia kwenye kipande cha katoni: BOMA, MSHALE WA CHINI MARA NNE, KISHA ENTER. Katoni hiyo ilikaa chini ya kibodi pamoja na neno la siri.

Wakati wa kubonyeza, yeyo aliupima kwa salamu. Kompyuta ilipolia ile sauti yake moja, aliisalimia kwa Kimasai: takwenya. Akajijibu mwenyewe: iko. Kisha akaiuliza habari ya watoto, habari ya ng'ombe, habari ya nyasi, habari ya mvua. Akifika kwenye mvua, orodha ilikuwa imefika pia, ndani ya giza la kioo. Hapo alibonyeza mara nne na Enter, akainuka kupika chai. Mimi nilifanya vivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini nikiwa na wateja.

Mtu wa kompyuta atauliza: kwa nini hamkuiwasha tena kioo kikiwa na moto? Mpwa alikuwa ametuonyesha njia hiyo. Lakini yeyo alikataa. Alisema mnyama akitoka joshoni haingizwi bomani akiwa amelowa. Anasimama kwanza akauke. Kwa hiyo kila tulipohama upande tulizima kila kitu ukutani, kioo na printa pia, tukangoja kama nusu saa. Mimi sikuona kosa lolote. Baba alifanya hivyo kwa ng'ombe maisha yake yote.

Katika wateja wetu alikuwepo msichana wa umri wangu, wa familia ya Kisomali iliyokuwa na duka la nguo mtaani. Alizaliwa Kajiado na kusoma Kajiado, lakini kupata kitambulisho ilikuwa kazi. Watu wa kwao walipitishwa mbele ya kamati ya kupiga msasa, wakaulizwa babu alitoka wapi na aliingiaje. Babu yake, ambaye alimwita awowe, aliamua kujibu maswali hayo mapema, kwa maandishi. Alikuja dukani mara tatu, akakaa kwenye kiti cha wateja na bakora katikati ya magoti, akasema bismillahi, akaanza kusimulia. Mimi nilichapa.

Nilimpenda kwa sababu alizungumza kwa kasi yangu. Alisema baba yake alikuwa mtu wa ngamia huko Kaskazini Mashariki. Yeye mwenyewe alikuja kusini kijana, kwa miguu, akiswaga ng'ombe wa tajiri hadi kwenye malisho ya kuwazuilia mifugo wasilete maradhi, na akabaki kuwa mchungaji wa hapo, kisha mchinjaji, kisha mwenye bucha. Alitaja kila mtoto na mahali alipozaliwa. Alitaja majirani Wamasai waliokula kwake na aliokula kwao. Kurasa nne karibu zijae. Lilibaki jina moja, la kisima ambacho baba yake alinyweshea ngamia. Alilitafuta kichwani akalikosa.

"Litakuja," alisema. "Liache nafasi."

Niliacha nafasi. Katika duka letu hatukutoa karatasi kabla ya maneno kuisha, maana wino ulikuwa ghali, kwa hiyo kurasa zile zilibaki ndani ya boma kumngoja arudi na jina.

Hakurudi. Alipatwa na ugonjwa wa kupooza, na ulimi ukawa mzito. Alitamka neno moja moja, na mengine hayakueleweka. Ndugu zake waliamua kumpeleka nyumbani Kaskazini. Siku ya kuondoka ilipangwa Jumapili alfajiri. Kamati ilikuwa imempa mjukuu Jumatatu asubuhi, Kajiado. Jumamosi, basi, ndiyo siku iliyobaki ya kuchapa zile kurasa na kuzipeleka kwa mzee aweke kidole gumba. Msichana alikuja mapema, akakaa kwenye kiti kile kile.

Niliwasha kompyuta. Nikasalimia hadi mvua. Nikabonyeza mara nne na Enter.

Kioo kilipopata moto kilikuwa cha bluu. Si bluu ya boma. Ilikuwa bluu tupu yenye namba nyeupe zinazokimbia na asilimia iliyopanda, na hakuna mahali pa kubonyeza kitu chochote. Yeyo akaja na kikombe mkononi.

"Hiyo ni nini?"

"Sijui, yeyo."

"Zima. Iache ikauke."

Tukazima ukutani, tukangoja nusu saa, nikarudia. Bluu. Mara ya tatu bluu. Msichana aliangalia namba zile kama anazielewa, na mimi nilijua haelewi, kwa sababu hata mimi nilizitazama hivyo hivyo.

Mara ya nne sikubonyeza kitu. Josho likafunguka vizuri, kana kwamba hakuna lililotokea. Nikajaribu kufikia mafaili ya boma kutoka huko. Ikakataa. Iliandika kwamba upande ule haukufungwa vizuri, na kwamba nirudi huko nikaufunge kwanza. Hilo nililielewa: Ijumaa mchana stima ilipotea tukiwa bomani. Lakini ilikuwa inanituma mahali ambapo sikuweza kufika.

Kulikuwa na jambo la pili la Ijumaa, ambalo nililijua peke yangu. Stima iliporudi niliingia joshoni kumtumia mteja mmoja barua pepe kwa modemu. Kikatokea kidirisha kikisema kuna vitu vipya tayari kuwekwa, na kikauliza kama ningependa viwekwe. Kiliuliza kwa adabu. Mimi ni mtu ambaye hata muuza maembe akinisimamisha nanunua. Nikaandika neno la siri, nikakubali. Ilifanya kazi kama robo saa, ikanyamaza. Sikumwambia mtu.

Kwa hiyo Jumamosi, wakati yeyo anasema ni virusi vya mteja fulani, na msichana anauliza ni mteja gani huyo, mimi nilikuwa nimekaa kati yao nikitazama kibodi.

Yeyo akamwita fundi wa simu wa mlango wa pili. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi, bisibisi sikioni kama kalamu. Nilimwashia tena kwa zile mara nne, akaitazama ile bluu kwa muda mfupi sana.

"Hii imeenda, mathe," alisema. "Ni kuformat tu."

"Kuformat ni nini?" msichana akauliza.

"Ni kama kuhama, siz. Unaingia nyumba mpya, imepigwa rangi, hakuna mende."

"Na vitu vyangu?"

"Vitu vinabaki kwa landlord."

Fundi akacheka peke yake. Msichana hakucheka. "Maneno ya awowe iko huko ndani," alisema. "Leo hawezi kuyasema tena. Ukimuuliza anasema maji, maji, anafunga macho. Wewe utayatoa wapi?"

"Andika mengine. Si ni hadithi?"

"Hadithi?" Aliinuka. "Wewe ulipoenda kuchukua ID uliulizwa babu yako alinywesha ngamia wapi?"

"Mimi babu yangu alikuwa na punda," fundi alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Yeyo alimnyamazisha kwa mkono. Alifikiri. Niliona anavyofikiri: duka lilikuwa limesimama tangu asubuhi, wateja watatu walikuwa wamerudishwa, na mtu pekee aliyekuwa na dawa ni huyu. Akamwambia msichana pole, kwamba labda mimi naweza kukumbuka kiasi, nikayachapa tena. Akamwambia fundi alete sidii yake.

Fundi akatoka kuitafuta. Yeyo akaenda mlangoni kuzungumza na mteja. Msichana akaweka paji la uso juu ya mkono, mezani.

Nilikuwa nikijaribu kukumbuka, kama nilivyoambiwa. Nilikumbuka bucha na malisho. Sikukumbuka mpangilio wa watoto, nani alizaliwa Kajiado na nani alizaliwa Embulbul, na kamati ingeuliza hayo hasa. Kisha nikafikiria kitu kidogo: josho linafunguka. Mnyama aliyekufa hafungui jicho moja. Na kama josho linafunguka, basi orodha bado ipo, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisoma.

Kioo kilikuwa na moto, bluu ikikimbia. Kwenye boksi la kompyuta, chini ya kitufe cha kuwashia, kulikuwa na kitufe kingine kidogo ambacho yeyo alikataza. Nilikibonyeza. Kioo sikukigusa.

Ikalia. Mdomo wangu ulianza salamu wenyewe. Kabla sijafika kwenye ng'ombe, orodha ikatokea: herufi nyeupe juu ya weusi, mstari chini ya mstari, na chini kabisa sekunde zikihesabiwa kurudi nyuma.

Mimi husoma polepole. Nilikuwa bado kwenye mstari wa pili sekunde zilipoisha, ikaingia joshoni. Nikabonyeza kile kitufe tena, kalamu mkononi, nikanakili mstari wa tatu na wa nne. Ikaingia joshoni. Mara ya tatu nikapata iliyobaki. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba ukigusa mshale wowote hesabu inasimama na unaweza kusoma hadi jioni, lakini siku hiyo sikujua, nikafanya kama mtu anayeteka maji kwa kifuniko.

Msichana alikuwa ameinua kichwa. "Unafanya nini, dada?"

"Nahesabu," nilisema.

Karatasi yangu ilikuwa na mistari saba. Wa kwanza na wa pili ilikuwa josho, na wa tatu na wa nne ilikuwa josho tena, tofauti ni namba tu. Wa tano ulitaja kupima kumbukumbu ya mashine. Wa sita ulikuwa kichwa cha habari tu, kwamba kuna mifumo mingine. Wa saba ulikuwa boma.

Ukianza juu na kushuka mara nne unaangukia wa tano, na wa tano ndio ile bluu. Ilikuwa inajipima, hiyo tu. Haikuwa mgonjwa. Vile vitu vipya nilivyokubali Ijumaa vilikuwa vimeongeza josho la pili juu ya la kwanza, mistari miwili, na boma likasukumwa chini. Mara nne zikawa sita.

Fundi akaingia na sidii, anaipangusa kwa shati. "Sawa, nipisheni."

"Ngoja," nilisema.

Hakusikia, au alisikia akadhani si yeye. Sauti yangu ndivyo ilivyo. Akanyoosha mkono kufungua mlango wa sidii. Nikaweka kiganja changu juu ya ule mlango, nikakiacha hapo.

"Ngoja," nilisema tena. "Usiiguse."

"Mathe, huyu wako amekuwa engineer," fundi alisema akigeuka.

Yeyo akaja kutoka mlangoni. Alitazama kiganja changu, kisha uso wangu. "Mwacheni," alisema.

Nikabonyeza kitufe kidogo. Nikangoja orodha, nikashuka mara sita, nikihesabu kwa sauti kila mtu akisikia, nikapiga Enter. Kioo kikawa cheusi. Kisha yakaja maandishi kwamba upande huu haukufungwa vizuri na kwamba unakaguliwa. Asilimia ikaanza kupanda, polepole.

"Si niliwaambia imeenda?" fundi alisema. "Ni kupoteza wakati. Zima tu."

"Wewe kaa," yeyo alimwambia. "Hata ng'ombe anakaguliwa mdomo kabla ya kununuliwa."

Tukakaa wanne tukitazama asilimia. Ilisimama kwenye sabini na kitu muda mrefu, na msichana akaanza kusoma dua kwa midomo tu. Ikaenda. Boma likafunguka, picha yake ya nyasi za kijani, mafaili yote mahali pake. Nikafungua lile la mzee. Kurasa nne, nafasi ya jina la kisima ikiwa wazi katikati ya sentensi.

Fundi aliipuliza sidii yake, akairudisha kwenye karatasi yake. "Sawa, engineer," aliniambia, safari hii bila kucheka, akarudi kwake.

Nilichapa nakala mbili. Msichana alizihesabu, akazisoma mwanzo hadi mwisho akiwa amesimama, akaniuliza kuhusu ile nafasi. Nikamwambia babu yake alisema litakuja. Alisema ataiacha ilivyo, kwa sababu akiandika jina lingine kwa mkono wake kamati itaona mikono miwili. Akaondoka anakimbia, karatasi ndani ya buibui zisipate vumbi.

Alipoondoka nilimwambia yeyo habari ya Ijumaa. Ilinichukua muda kuanza. Nilimwambia kidirisha kiliniuliza, nami nikakubali bila kumuuliza yeye, na kwamba hakuna virusi wala mteja.

"Kilikuuliza tu?"

"Ndiyo, yeyo."

"Na wewe ukasema ndiyo kwa mtu usiyemjua."

"Ndiyo."

Akamimina chai. "Mimi pia niliulizwa hivyo siku moja, nikakubali. Ndiyo unaona niko na watoto na duka." Kisha akasema, bila mzaha, kwamba siku nyingine nimwite hata akiwa msalani. Akachukua ile katoni, akafuta neno NNE na kuandika SITA. Kuhusu kukausha hakubadili nia. Aliniruhusu kutumia kitufe kidogo siku ambayo kuna shida, siku nyingine hapana.

Msichana alirudi wiki iliyofuata. Mzee alikuwa ameweka kidole Jumamosi ile, akiwa ameshikwa mkono na mwanawe, na kidole kilitoka vizuri. Mbele ya kamati walikuwa wazee watano na meza. Aliniambia waliangalia ukurasa wa kwanza, wakageuza wa nne kutazama kidole, wakaziweka ndani ya faili. Mmoja alimuuliza shule aliyosoma. Mwingine alimuuliza bei ya kitambaa fulani dukani kwao. Akaambiwa aende akangoje.

"Hawakusoma za katikati?" nilimuuliza.

"Hawakusoma."

Hakuonekana kukasirika. Alikuwa amekuja kwa jambo lingine. Ile nakala ya pili ndugu zake walisafiri nayo pamoja na mzee, na sasa watoto wote wa mzee walitaka kila mmoja yake, hata wale ambao walikuwa na vitambulisho tangu zamani na hakuna aliyewauliza chochote. Nikaingia bomani, nikachapa, karatasi zikawa nyingi mpaka wino ukaanza kufifia kwenye ya mwisho. Hiyo iliyofifia aliichukua yeye, akasema wengine wapewe nzuri.

Miezi kadhaa baadaye niliondoka Kitengela kumuuguza mama, na sikurudi. Mpaka siku niliyoondoka msichana alikuwa bado anangoja kitambulisho. Kila alipopita dukani nilimtazama mikono kabla ya uso, na mikono ilikuwa mitupu.

Sijui kama alipata. Nimeuliza watu wawili na hawakumjua. Labda anayesoma hapa ni yeye, au ni mtu wa kwao, au ni mtu aliyeketi mbele ya meza kama ile akajua ilimwishia vipi. Tafadhali niandikieni. Semeni tu kama kilitoka, na kilichukua muda gani.